Kipindi cha Michezo Hakikopeshwi

Kila mwaka mtihani wa darasa la saba unapokaribia, kipindi cha kwanza kupotea kwenye ratiba ni cha michezo. Mwalimu wa Hisabati anakuja ofisini, anaomba aazimwe dakika 40 amalizie mada, na mwalimu wa michezo anakubali, maana akikataa ataonekana hataki watoto wafaulu. Mwalimu huyo wa michezo nimekuwa mimi. Nimeazimisha vipindi vingi na sijaona hata kimoja kikirudishwa. Nyuma ya mazoea haya kuna maneno tunayoyarudia ofisini, kwenye vikao vya wazazi na majumbani, na mengi si ya kweli. Anayeumia ni mtoto.

"Wakicheza sana watafeli"

Hapa ndipo mzizi ulipo. Hesabu yake inaonekana rahisi: saa za shule ni zilezile, ukiongeza kwenye mchezo unapunguza kwenye somo. Lakini jambo hili limeshapimwa. Huko Trois-Rivières, Kanada, katika miaka ya 1970, wanafunzi 546 wa shule za msingi walifuatiliwa kwa miaka kadhaa. Kundi moja liliongezewa saa nzima ya mazoezi kila siku ya shule, na muda wake wa masomo ukapungua kwa karibu asilimia 14. Watoto hao hawakurudi nyuma darasani; walilingana na wenzao, na mahali pengine wakawazidi. Mwaka 2010 taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilipitia tafiti 50 zilizolinganisha mazoezi shuleni na maendeleo ya masomo. Karibu nusu ya matokeo yalikuwa mazuri, karibu nusu hayakuonyesha tofauti, na yaliyoonyesha hasara yalikuwa asilimia 1.5 tu.

Sisemi kuruka kamba kunamfundisha mtoto sehemu na desimali. Nasema kwamba dakika zile hazimnyimi kitu, na mara nyingi zinamrudisha darasani akiwa macho.

Anayetaka kuliona hili aingie darasa la nne saa 7 mchana. Dawati moja wamekaa watatu, wakati mwingine wanne. Wa nyuma wameegemeza kidevu kwenye daftari, mmoja anachokoa mbao za dawati kwa ncha ya bikari, na ubaoni kuna jedwali la saba ambalo tangu asubuhi haliingii. Nikisema "Simameni," wanainuka kama walikuwa wanasubiri neno hilo tu. Tunaruka mahali tuliposimama, kila mruko na namba yake: saba, kumi na nne, ishirini na moja. Anayekosea tunarudi naye mwanzo wote. Vumbi linapanda kidogo, kelele zinafika mpaka darasa la jirani, na baada ya dakika tatu wanakaa. Bikari iko mfukoni na macho yako ubaoni. Mwalimu wa jirani akilalamika kuhusu kelele, mwombe naye ajaribu.

"Watoto wetu wanatembea, inatosha"

Hii ina ukweli ndani yake. Mtoto wa kijijini anayetembea kilomita tatu kwenda shule na tatu kurudi, kwa mwendo wa haraka maana anaogopa kuchelewa mstarini, amefanya kazi ya maana na tumhesabie. Lakini tusimchanganye na mtoto wa Dar es Salaam anayechukuliwa na basi la shule saa 11 alfajiri, akakaa kwenye kiti mpaka shuleni, akakaa dawatini, akarudi kukaa twisheni.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kujishughulisha mpaka mapigo ya moyo yapande, na angalau siku tatu kwa wiki ziwe na shughuli nzito zaidi za kujenga misuli na mifupa. Mifupa inapenda kishindo: kuruka, kukimbia, kutua. Takriban robo ya madini ya mifupa ambayo mtu mzima anayo huwekwa ndani ya miaka miwili hivi, pale mtoto anaporefuka haraka, na kwa wasichana kilele chake ni karibu miaka 12 na nusu. Ni umri uleule wa darasa la saba, tunapowafungia ndani wajiandae na mtihani.

Dakika 60 hazilazimiki kuwa za mfululizo. Kumi za mchakamchaka asubuhi, kumi na tano za mapumziko, tatu za kuruka jedwali, kipindi cha michezo, na jioni kombolela nyumbani: vyote vinajumlishwa.

Ila mtoto ambaye hajanywa hata uji asikimbizwe. Shule inayotaka watoto wacheze ianze na chungu cha uji.

"Hatuna kiwanja wala mipira"

Mwaka 2012 huko Stirling, Uskoti, mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya St Ninians, Elaine Wyllie, aliona watoto wake wanachoka upesi mno. Akaanza kuwatoa nje dakika 15 kila siku, wakimbie au watembee kwa kasi wanayoiweza, na sare zao zilezile, bila mpira wala filimbi ya mashindano. Wazo hilo limesambaa nchi nyingi. Niliposoma habari zake nilifurahi, kisha nikasikitika, kwa sababu sisi tulikuwa na mchakamchaka. Tulikimbia tukiimba na kiranja mbele, kengele ya mstarini haijalia, na hakuna aliyetudai kiatu. Shule ngapi sasa zinaanza siku kwa kufagia na kukaa?

Kamba ya katani ya mita nne inarusha watoto kumi kwa zamu. Mpira wa rede unashonwa kwa matambara au unasokotwa kwa mifuko na uzi. Palipo na kiwanja kimoja, usikiache cha soka peke yake, maana watacheza ishirini na mbili huku mia mbili wakitazama.

"Michezo ni ya wenye vipaji"

UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi Tanzania, ni jambo jema, na ninajivunia kila mtoto aliyetoka shuleni kwetu kwenda kushindana. Lakini timu ya shule ni watoto wachache kati ya mamia. Mnene, mfupi, asiyejua kupiga chenga, hao ndio wanaohitaji zaidi kipindi hiki, na ndio tunaowapa kazi ya kulinda nguo za wachezaji.

"Kichurachura nacho ni mazoezi"

Hapana. Ukimrusha mtoto kichurachura kuzunguka bendera kwa sababu amechelewa, au ukimkimbiza raundi tano kwa sababu hajamaliza zoezi, unamfundisha kwamba mwili kutoka jasho ni aibu. Atakapokuwa mtu mzima, utamshangaa kwa nini hapendi mazoezi. Kumnyima mapumziko nako kuna kasoro hiyohiyo, kwani anayeshindwa kutulia darasani ndiye mwenye haja kubwa ya kutoka nje.

"Msichana mkubwa harukiruki"

Nimewahi kuambiwa hivi na mzazi, kwa upole na kwa nia njema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya takwimu za nchi 146, ulionyesha kwamba mwaka 2016 asilimia 85 ya wasichana wa miaka 11 hadi 17 hawakufikia kiwango cha WHO. Kwa wavulana ilikuwa 78. Pande zote mbili hali ni mbaya, lakini msichana anaanza kutolewa uwanjani mapema, na sisi ndio tunaomtoa. Hedhi haimzuii kucheza, na wapo wanaopata nafuu ya maumivu ya tumbo wakijishughulisha. Kinachomzuia ni kukosa pedi, choo chenye maji, na bukta ya kuvaa ndani ya sketi. Hayo yanatengenezeka.

"Mgonjwa akae pembeni"

Mwenye pumu iliyodhibitiwa vizuri anacheza, mradi aanze taratibu na dawa yake ya kuvuta iwe karibu, isifungiwe kabatini ofisini. Mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu ambao watoto wengi nchini kwetu wanao, afuate ushauri wa kliniki yake: anywe maji mara kwa mara, akwepe jua kali na baridi, na akisema amechoka apumzike bila kuulizwa mara mbili. Darasani kwangu yuko mmoja, na mama yake aliniomba nisimweke kando. Huwa anaruka raundi mbili, anakunywa maji kwenye chupa yake, kisha anapokea ncha ya kamba na kuwazungushia wenzake, akihesabu kwa sauti kuliko wote.