Samaki hakui kwa kufuata tangi

Ukinunua samaki wa mapambo Dar es Salaam, huenda ukaambiwa usihofu, samaki hukua kwa kadiri ya tangi. Si kweli. Kangaja wa buluu (blue tang), samaki wa maji ya chumvi anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole hufikia sentimita 30 hivi, na baharini hushinda akizunguka mwambani. Kwenye tangi la lita 80 maji huchafuka kwa amonia, sumu itokayo kwenye taka zake, yeye hudhoofu, hutokwa na madoa meupe, akafa mapema. Akidumaa, hiyo ni afya mbovu, wala si kuzoea. Tangi dogo linawatosha samaki-klauni (clownfish), wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wawili tu (anemoni, yule mnyama wa baharini wanayejificha ndani yake, si lazima), labda na gobi mmoja, samaki mdogo wa chini. Mpole aingie kwanza. Mgomvi akitangulia, hujimilikisha kila pango.