Je, wajua kwa nini "huna" huchelewa kuliko "unayo"?

Kituo cha afya, Pemba, asubuhi. Mama kampakata mwanawe mwenye homa, na aliyekuja nyuma yake keshapewa majibu. "Mbona mimi bado, na nilimtangulia?" Mtu wa maabara hainui hata kichwa kwenye hadubini: "Subira mama, wako bado namtafutia."

Hakumdanganya. Kimelea cha malaria kikionekana, swali limekwisha, kilichobaki ni kutambua aina yake na kuhesabu. Kisipoonekana, msomaji haruhusiwi kuandika "hakuna" mpaka apitie angalau maduara 100 ya lenzi kwenye tone nene la damu. Na hayo 100 yote ni kama sehemu ya tano tu ya mikrolita, nayo mikrolita ni sehemu moja ya milioni ya lita. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Kwa hiyo anayeishia duara la ishirini akasema huna, amebahatisha.

Kwa Zanzibar tabu inazidi, kwa sababu malaria imepungua sana. Jicho linalosoma slaidi (vile vioo vya damu) tupu kutwa huzowea utupu, hata kimelea kikipita mbele yake lisikione. Dawa yake ni mtego: slaidi yenye vimelea, inayojulikana na msimamizi peke yake, huchanganywa na nyengine. Na slaidi zilizoandikwa "hakuna" huteuliwa baadhi, zikasomwa upya na mtu asiyejua mwenzake aliandika nini.

Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha kijiti, nacho kina siri yake. Wengi tunaamini mstari wa C, ule wa kuhakiki, ukitokea basi kipimo ni kizima. La. Mstari huo unaonyesha kwamba maji yamepita na rangi inafanya kazi. Hauthibitishi kwamba mstari wa T, unaonasa protini ya kimelea, haujaharibiwa na joto la stoo ya bati. Hilo hujulikana kwa kukijaribia damu ambayo malaria yake imeshathibitishwa. Kikinyamaza hapo, "huna" zake zote zina shaka.

Lakini kinachonishangaza zaidi mimi ni kichocho, ugonjwa wa visiwa vyetu hasa, unaopatikana kwenye mito na mabwawa yenye konokono wake. Hapa kosa linaweza kufanyika kabla sampuli haijafika maabara. Mayai ya minyoo ya kichocho hutoka kwa wingi kwenye mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na matone ya mwisho ya mkojo ndiyo yenye mayai mengi. Mtoto akijaza kikopo alfajiri, au akamimina mwanzo tu akakatisha kwa haya, hata fundi hodari wa kuchuja mililita 10 za mkojo huenda asikute kitu. Tena mayai hayatoki sawa kila siku. Mwenye minyoo michache leo hutoa, kesho huenda lisitoke hata moja.

Ndiyo maana fomu huandikwa "hayakuonekana mayai", si "mzima". Na ndiyo maana mtoto wa skuli aliyeambiwa leo hana, hupewa kikopo chengine arudi nacho kesho, baada ya saa nne.