Silaha ya kurusha isiyo na ufito: maana yake na inavyotengenezwa

Kila aliyecheza rede utotoni anaujua mpira mzuri wa rede. Ni soksi iliyoshindiliwa matambara na kufungwa vizuri. Ukikupiga mgongoni unasikia kishindo kuliko maumivu. Anaujua pia ule mbaya: umelowa maji, au mtu kaficha kijiwe katikati ili uende kasi. Kwa macho mipira hiyo miwili haina tofauti. Tofauti huijua aliyesimama katikati.

Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa visu, mashoka na mawe ya sponji yanayorushwa katika mchezo wa kuigiza wahusika uwanjani, ambao wachezaji wake huuita kwa kifupi LARP. Katika mchezo huu mtu huvaa uhusika, iwe askari, mganga au jambazi wa msituni, akaishi nao nje kwa saa kadhaa au hata siku nzima-nzima. Hakuna maneno ya kukariri wala watazamaji. Mapigano hupiganwa kweli, ila kwa silaha bandia. Kundi la Dagorhir lilianza mwaka 1977 nchini Marekani, katika maeneo ya jirani na Washington. Mwaka 1982 Treasure Trap wakaanza michezo yao ndani ya kasri la Peckforton, Cheshire, Uingereza. Siku hizi ConQuest of Mythodea huko Brokeloh, Ujerumani, na Bicolline katika jimbo la Quebec, Kanada, hukusanya maelfu ya watu kila kiangazi. Maelfu hao hushambuliana siku kadhaa mfululizo, na kila mmoja anatarajia kurudi kwao na macho yake mawili. Matarajio hayo yana msingi, na sehemu kubwa ya msingi wenyewe imo katika neno "ufito".

Ukipasua upanga wa mchezo huu utakuta ndani yake ufito mrefu, mara nyingi wa faibaglasi, umevishwa sponji pande zote. Bila ufito huo upanga ungelegea kama jani la mgomba. Unakubalika kwa sababu anayepiga ameushika mpini mpaka mwisho wa pigo. Wachezaji hufundishwa tangu siku ya kwanza kulivuta pigo, yaani kulipunguza nguvu kabla halijafika mwilini. Kwa hiyo nusu ya usalama wa upanga iko kwenye sponji, na nusu iko mkononi mwa mtu.

Kisu cha kurusha hakina hiyo nusu ya pili. Kikishatoka mkononi, hakuna wa kukivuta. Uliyemlenga kifuani anaweza kuinama, na kifua kikawa uso. Mwenzako anaweza kukatiza mbele. Usalama wote, basi, lazima uwe ndani ya kitu chenyewe kabla hakijarushwa, na ndiyo maana kanuni iliyoenea ni kwamba kinachorushwa kwa mkono kisiwe na ufito: kisiwe na kijiti, bomba la plastiki, waya, wala kitu chochote kinachokataa kupinda. Mshale unaruhusiwa kuwa na ufito kwa kuwa hauwezi kuruka bila huo, lakini hulipia ruhusa hiyo kwa masharti mazito. Kichwa chake huwa donge pana la sponji, kwa kawaida si chini ya sentimita 5, ili kisiingie kwenye tundu la jicho ambalo upana wake ni kama sentimita 4. Kisahani kigumu huwekwa kati ya ufito na sponji ili ufito usitoboe na kutokea mbele. Upinde nao hupimwa nguvu, na makundi mengi huweka kikomo cha ratili 25 hadi 30.

Hesabu kidogo inasaidia kuona sponji inafanya kazi gani hasa. Chukua kisu cha gramu 40 kinachokwenda mita 12 kwa sekunde. Kimebeba nishati ya karibu jouli 3, na nishati hiyo haipungui kwa sababu tu kisu ni laini. Lazima iishie mahali. Sponji ikibonyea sentimita 2 wakati wa kugonga, nguvu ya wastani inayompata aliyepigwa ni kama nyutoni 144, sawa na uzito wa kilo 15 hivi kwa kufumba na kufumbua. Isipoweza kubonyea zaidi ya milimita 2, nguvu hiyo inapanda mara kumi na kukaribia uzito wa kilo 150. Kisu ni kilekile, na mkono uliorusha ni uleule. Kilichobadilika ni nafasi ambayo sponji imempa kisu ya kusimama. Ufito, kijiwe au tabaka nene la gundi iliyokauka huiiba nafasi hiyo.

Mafundi wengi huanguka kwenye uzito. Sponji inayopendwa kwa kazi hii ni ya polithilini yenye vitundu vilivyozibika. Huko Uingereza wengi hutumia Plastazote LD45, na hiyo 45 ni kilo kwa mita moja ya ujazo. Kisu cha urefu wa sentimita 25, upana 4 na unene 2 kilichokatwa humo kina gramu 9 tu. Ukikirusha kinapepesuka hewani na kuanguka miguuni pako. Hapo ndipo mtu huanza kufikiria kutia sarafu au nati katikati. Nasema kwa uzito wote: usitie. Sponji ikichakaa, chuma hicho husogea kikakaribia ngozi ya nje, na siku kitakapofika hapo hakuna atakayekiona. Uzito utafute kwenye vitu laini vyenyewe. Tumia sponji nzito zaidi, kama ile ya EVA inayotengenezea ndala na yeboyebo, au ongeza tabaka za mpira wa nje. Yapo makundi yanayokubali kifuko kidogo cha mbegu katikati, kimezungukwa na sponji kila upande, na yapo yasiyokubali kabisa, kwa hiyo uliza kabla hujakata. Mawe makubwa hayana tabu hii: hukatwa kwenye sponji ya godoro, ambayo vitundu vyake viko wazi, na ukubwa wake ndio ulinzi wake. Kipande chembamba cha godoro, kinyume chake, hubonyea mpaka mwisho mara moja na baada ya hapo hakikingi kitu.

Kwenye kutengeneza kwenyewe, gundi ndiyo inayohitaji subira. Ni ile ile aina ya gundi ya mafundi viatu, ya kupaka pande zote mbili. Kata vipande viwili vyenye umbo la kisu, paka kila kimoja utando mwembamba, kisha viache mpaka ukigusa kwa kidole gundi isinate. Ndipo uvikutanishe, na uvikutanishe sawasawa, maana havitaachana tena. Kisu changu cha kwanza nilikipaka gundi nyingi nikidhani ndiyo uimara. Kilipokauka nilihisi kwa kidole gumba mstari mgumu katikati kama mshipa wa jani la mnazi, nikajua nimekitengenezea ufito bila kutaka. Fanya kazi hii madirisha yakiwa wazi, kwani mvuke wa gundi unaumiza kichwa na unashika moto.

Makali yachongwe kwa wembe mpya yawe mviringo. Ncha isiwe ya kuchoma: ukiisukuma kwa kidole, ijikunje yenyewe. Baada ya hapo unakivisha kisu ngozi yake, yaani tabaka la nje. Makundi kama Dagorhir hutumia vitambaa. Kwingine hupakwa utomvu wa mpira wa maji, tabaka nyembamba tano au sita, kila moja ikikauka kabla ya inayofuata, rangi ikiwa imechanganywa humo humo. Utomvu huo unanuka amonia, na wapo watu ambao miili yao haipatani nao kabisa, kwa hiyo waulize wenzako kwanza. Mafuta ya kupaka yasiuguse, huuozesha. Utepe wa gundi nauogopa kwa kisu: ukizungushwa mara tatu unakuwa gamba.

Jaribio ni moja na halina njia ya mkato. Jirushie mwenyewe pajani kwa nguvu, halafu mwombe mwenzako akurushie mgongoni kutoka hatua tano. Ukisita kumwambia arushe, hujamaliza kutengeneza. Kabla ya mchezo mkaguzi atakikunja kisu, atakibonyeza kila mahali kwa kidole gumba akitafuta ugumu, na atakagua ngozi kama imepasuka. Kazi hiyo hurudiwa kila mchezo, kwa sababu jua hupasua mpira, baridi huukaza, na sponji iliyolala chini ya mizigo kabatini hubaki bapa.

Na uwanjani kwenyewe kuna jambo ambalo wageni hawaliwazii. Kisu kilichorushwa huanguka chini, na mpira hunasa changarawe. Punje moja ya mchanga ikibaki kwenye ncha, kile ulichokitengeneza kwa wiki nzima kimekuwa msasa unaoelekea jicho la mtu. Kiokote, kifute kwa kiganja, kitazame, ndipo urushe. Kisu kilichochanika hadi sponji kuonekana hakirudi mchezoni siku hiyo. Kikishakuwa kigumu kikate vipande viwili kabla ya kukitupa, mtoto asije akakiokota jalalani na kukirusha.