Mpanda Milima katika Mbio za Baiskeli: Maana Yake

Katika mbio za baiskeli za barabarani, mpanda milima ni yule anayechomoka wakati barabara inainuka na wenzake wanadondoka nyuma mmoja mmoja. Kuvuka mlima tu hakutoshi kumpa mtu jina hilo, kwa sababu kila anayemaliza Tour de France, mbio kubwa za hatua nyingi za Ufaransa, amevuka milima ya Alps na Pyrenees. Mpanda milima anaongeza kasi hukohuko ambako wengine wanatafuta pumzi.

Kinachomtofautisha ni uzito. Kwenye tambarare adui mkubwa ni upepo, na mtu mzito mwenye misuli ana nafuu. Mlimani hesabu inageuka. Chukua mwinuko wa asilimia 8, yaani kila mita 100 unapanda mita 8. Mtu wa kilo 60 mwenye baiskeli na vifaa vya kilo 8, akitaka kwenda kilomita 20 kwa saa, anahitaji takribani wati 350 (wati ni kipimo cha nguvu), na karibu 300 kati ya hizo zinakwenda kuinua uzito tu. Mwenye kilo 80 anahitaji kama wati 440 ili abaki ubavuni mwake. Alpe d'Huez, mlima maarufu wa Tour de France, ina kilomita 13.8 za mwinuko wa aina hiyo na kona 21. Kwa kasi hiyo ni dakika 41 za kunyonga bila kupumzika. Ndiyo maana wapanda milima hupimwa kwa wati kwa kila kilo ya mwili.

Baiskeli yenyewe hairuhusiwi kuwa chini ya kilo 6.8, kwa hiyo wengi hugeukia mwili. Hapo ndipo wanapoharibikiwa. Anayejinyima chakula kupita kiasi hupoteza misuli pamoja na mafuta: kilo zinashuka, wati nazo zinashuka, na maradhi hayamwishi. Kosa la pili ni kuanza mlima kwa pupa. Ukivuka kiwango chako dakika 5 za mwanzo, miguu haikusamehe tena hadi kileleni.

Udhaifu wa mpanda milima uko kwenye mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa. Dakika alizochuma mlimani zinaweza kuyeyuka siku moja ya tambarare, hivyo lazima ashambulie mapema na kwa ujasiri.

Lucien Van Impe wa Ubelgiji anaonyesha hilo vizuri kuliko wengi. Alianza Tour 15 na kuzimaliza zote 15. Mwaka 1976, kwenye hatua ya Pyrenees iliyoishia Saint-Lary-Soulan, alichomoka milima ikiwa bado mingi mbele, akapata msaada wa mwendeshaji wa Uhispania, Luis Ocaña, bondeni, mahali ambapo mtu mwepesi akiwa peke yake huliwa na upepo. Mpinzani wake Joop Zoetemelk wa Uholanzi alifika zaidi ya dakika 3 nyuma, na Van Impe akaibeba jezi ya manjano, ya anayeongoza mbio nzima, hadi Paris.

Jezi ya mfalme wa milima ni habari nyingine. Hutolewa kwa pointi za vileleni: milima ina madaraja, la 4 likiwa jepesi, la 1 gumu, na juu yake ipo iliyopita madaraja yote. Anayetoroka asubuhi huweza kuzikusanya pointi hizo huku vigogo wakilindana nyuma. Van Impe aliishinda mara 6, ikiwemo 1975, mwaka ilipoanza kuwa nyeupe yenye madoa mekundu. Lakini mwaka 1976, aliposhinda Tour yenyewe, madoa yalivaliwa na Giancarlo Bellini.