Kodi ya mazingira haiui ajira, huihamisha

"Kodi ya mazingira huua ajira." Kauli hii ya miaka mingi hutazama fedha zinapotoka tu, si zinapokwenda.

Lita 1 ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi. Tuseme kodi ya mazingira ni shilingi 50,000 kwa tani ya gesi hiyo, yaani shilingi 135 kwa lita. Kiwanda cha mbao Mafinga kinachotumia lita 1,000 kwa mwezi kitalipa 135,000. Kina wafanyakazi 12 wa shilingi 200,000 kila mmoja, jumla 2,400,000. Serikali ikitumia makusanyo hayo kushusha SDL, tozo ambayo mwajiri hulipa juu ya mishahara, kwa pointi 2 za asilimia, kiwanda kinapata nafuu ya 48,000. Bado kinaumia kwa 87,000. Lakini karakana ya ushonaji Iringa mjini yenye mishahara hiyohiyo, isiyotumia dizeli, inabaki na nafuu karibu yote.

Ndivyo ilivyokuwa British Columbia, Kanada, kuanzia 2008: kodi nyingine zilipunguzwa, ajira zikahama kati ya sekta, jumla yake haikuporomoka. Ujerumani, kuanzia 1999, ilitumia makusanyo ya kodi ya mazingira kupunguza michango ya pensheni.

Kwetu Tanzania tatizo kubwa zaidi (na halizungumzwi sana) ni kibarua wa kutwa. Hayumo kwenye orodha ya mishahara, hivyo nafuu ya SDL haimfikii. Nauli na bei ya unga zikipanda kwa sababu ya kodi ya dizeli, ujira uleule hununua kidogo. Fidia yake ipitie kwingine, mathalani ruzuku ya kaya maskini ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii.