Nusa kwanza: jinsi ninavyochagua filamu za rili za kuonyesha nyumbani Krismasi

Ikifika wiki ya pili ya Desemba, simu yangu haitulii. "Fundi, uko na filamu gani ya Krismasi?" Wanaopiga ni wa aina mbili: waliorithi projekta ya baba pamoja na katoni la mikanda, na walioiona mashine mnadani wakaipenda kwa macho. Wote wanataka niwatajie jina la filamu. Mimi nawauliza mkanda walio nao unanukaje.

Nilikuwa opareta wa projekta za sinema enzi ambazo mtu wa Nairobi akitaka sinema alichagua kati ya Odeon, Cameo, na Shan kule Ngara, au alipakia familia nzima kwenye gari akaelekea Fox Drive-In, Barabara ya Thika. Mikanda ya kumbi hizo ilikuwa ya upana wa milimita 35, na hiyo sebuleni haina kazi. Ya nyumbani ni milimita 16, milimita 8 ya kawaida, au Super 8 iliyokuja mwaka 1965. Chumba cha mashine kilinifundisha kwamba maandishi juu ya mkebe ndiyo kitu cha mwisho kuamini. Kabla hujauliza filamu inahusu nini, jua kama itafika mwisho.

Basi, harufu. Fungua mkebe dirishani. Ukisikia siki, ile ile ya kumwagia chipsi, jua asetati, ile plastiki ya mkanda, imeanza kuoza. Asidi inayotoka humo huzidisha kuoza kwenyewe, na mvuke wake huiharibu mikanda ya jirani, kwa hiyo rili inayonuka hailali kabati moja na nzima. Joto na unyevu ndivyo vinavyouchochea ugonjwa huu. Mkanda ulioishi Mombasa naunusa mara mbili. Baridi yetu ya Nairobi husaidia, lakini si kwa mtu aliyeweka mikebe juu ya kabati, chini ya mabati, miaka thelathini.

Harufu kidogo peke yake hainifanyi niutupe mkanda. Kinachoniamulia ni kusinyaa, na hapo natumia rula. Mkanda wa milimita 16 una tundu moja kwa kila fremu, yaani kila picha moja, upande wa matundu, na fremu 100 hujaza sentimita 76 na milimita mbili hivi. Nautandaza kwenye meza ya kulia chakula, nahesabu matundu 100 kwa ncha ya kalamu, napima. Ukipungua milimita saba au nane umesinyaa asilimia moja, na huo siupandishi kwenye projekta hata mama mkwe akiniomba. Meno ya mashine yatayatafuta matundu yasiyakute mahali pake, na utasikia kelele kama ya mtu anayepasua karatasi ya zawadi. Ila hiyo ni filamu inayokwisha.

Ukiwa bado mezani, yatazame matundu yenyewe. Milimita 16 isiyo na sauti huwa na matundu pande zote mbili. Yenye sauti huwa nayo upande mmoja, na upande wa pili una ule ufito mwembamba wa sauti. Sasa, kuna projekta za kale za filamu bubu zenye meno pande zote mbili. Ukiipa mkanda wa sauti, meno ya upande wa pili yatautoboa ufito mwanzo hadi mwisho. Nimeletewa rili ya namna hiyo mwezi wa Januari, na mwenyewe akaniuliza kwa nini spika inapiga kama bunduki. Kwa milimita 8, zitofautishe kwa macho: ya kawaida ina matundu makubwa, Super 8 ina madogo, na tundu la katikati ya rili ya Super 8 ni pana zaidi. Haziingiliani.

Pembeni soma pia neno SAFETY, yaani mkanda usioshika moto kirahisi. Mkanda wa milimita 16 haukutengenezwa kwa naitreti, ile plastiki ya zamani inayowaka kama petroli. Milimita 35 ya kabla ya miaka ya 1950 inaweza kuwa nayo. Ukiikuta katika katoni la babu, usiitie kwenye mashine wala usiiweke karibu na jiko. Tafuta mtu wa makavazi.

Rangi ndiyo inayowavunja moyo wengi. Nakala za rangi za Eastman, mkanda wa kampuni ya Kodak, zilizochapwa kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, hupoteza buluu-kijani na njano, zikabaki na nyekundu peke yake. Mbingu nyekundu, nyasi nyekundu, mti wa Krismasi rangi ya soseji. Inua futi moja ya mkanda kwenye mwanga wa dirisha kabla ya kulipa hata shilingi. Zilizochapwa kwa njia ya Technicolor ya wino hubaki kama zilivyozaliwa, na Kodachrome, mkanda mwingine wa rangi wa Kodak, iliyotunzwa gizani hushangaza. Ukiona herufi LPP pembeni, hiyo ni Eastman ya baadaye iliyotengenezwa isipauke upesi. Wapo wanaoweka kichujio cha buluu mbele ya lenzi ili kupunguza wekundu. Nimejaribu. Wekundu unapungua kweli, na mwanga nao unapungua, mwishowe watu wanatazama magharibi ya saa kumi na mbili na nusu. Mimi nikipewa nafasi ya kuchagua, sebuleni nachagua nyeusi na nyeupe. Haipauki kwa namna hiyo, na haihitaji giza kamili, jambo la maana kwa nyumba yenye pazia jepesi na taa ya usalama ya jirani.

Hesabu ya muda si ngumu. Milimita 16 ya sauti hukimbia futi 36 kwa dakika. Rili ya futi 400, yenye upana wa inchi saba, ni dakika 11. Rili kubwa ya futi 1,600 ni dakika 44. Filamu ya saa moja na nusu kwa hiyo ni rili mbili kubwa, na mwenye projekta moja lazima asimamishe katikati, awashe taa, abadilishe. Usiombe radhi kwa mapumziko hayo. Dakika kumi zatosha chapati kuzunguka na mtoto mdogo kupelekwa chooni. Ila tazama rili ya kwanza inakatia wapi. Nilikuwa na filamu moja ambayo rili ya kwanza iliisha mtu akiwa amening'inia dirishani, na wajukuu wakakataa kula mpaka ashuke.

Pima pia chumba. Projekta nyingi za milimita 16 huja na lenzi ya milimita 50. Mashine ikiwa mita nne kutoka ukutani, picha ina upana wa sentimita 77 tu, pungufu ya televisheni kubwa za siku hizi. Mita tano, utakaribia mita moja. Kwa hiyo kama unakaa nyumba za mitaa ya Umoja au Buruburu, zenye sebule ndogo, filamu ya majangwa na majeshi yanayoonekana kwa mbali itakuwa filamu ya mchwa. Chagua yenye nyuso, yenye vyumba, yenye watu wawili wanaogombania ngazi. Au tafuta lenzi ya milimita 25, picha itakua maradufu, na mwanga utatawanyika vivyo hivyo. Ukikuta fremu ambazo watu ni wembamba kama mianzi, hiyo ni nakala ya skrini pana iliyobanwa. Bila lenzi yake maalumu ya kuitanua, iache.

Halafu stima. Projekta nyingi zinazoletwa na watu kutoka Marekani ni za volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Umeme wetu ni volti 240 na mizunguko 50. Mtu hununua transfoma akadhani amemaliza. Transfoma hushusha volti, mizunguko inabaki 50, na mota ya aina hiyo hufuata mizunguko. Badala ya fremu 24 kwa sekunde unapata 20, na sauti ya mwanakwaya wa kike inageuka ya mzee wa kanisa. Dawa ni puli ya hertz 50, yaani gurudumu la mota la mizunguko 50, ambayo hupatikana kwa shida au huchongwa na fundi wa chuma. Lakini kama Krismasi imefika na puli haijafika, chagua filamu bubu. Vichekesho vya miaka ya 1920 havikuwa na mwendo mmoja, na fremu 20 kwa sekunde huvifaa vizuri tu. Charlie Chaplin hajali umeme wa Nairobi.

Jenereta ndogo nayo huyumba, na sauti huyumba nayo. Stima ikipotea katikati, zima swichi ya mashine kabla ya kuwasha mshumaa. Ikirudi ghafla mkanda ukiwa umelegea, kile kitanzi cha mkanda kilichopo chini ya lango, pale mkanda unapopita mbele ya taa, huvurugika, midomo na maneno vikaachana. Sauti ya milimita 16 husomwa fremu 26 mbele ya picha yake, zaidi kidogo ya sekunde moja, na kitanzi ndicho kinachoilinda nafasi hiyo.

Tuje kwa watazamaji, maana hapo ndipo niliposhindwa mimi mwenyewe. Mwaka mmoja nilikuwa na mkebe wa futi 400 ulioandikwa kwa kalamu nene: KATUNI. Niliununua pamoja na mingine kumi, nikanusa, nikapima, nikaridhika. Sikuupitisha kwenye mashine. Tulikuwa watu kumi na tisa sebuleni, wale ambao hawakwenda ushago, kijijini, pamoja na mama mkwe wangu aliyekuwa ametoka Nyeri siku mbili kabla. Nikazima taa. Zikahesabu namba za mwanzo, watoto wakazihesabu kwa sauti, kisha akatokea ng'ombe. Nyuma yake ng'ombe mwingine. Ilikuwa filamu ya mafunzo ya josho, ya kuwaeleza wafugaji jinsi ya kuua kupe.

Niliinuka nizime. Mama mkwe akasema, "Muacheni huyo ng'ombe apite." Akasogeza kiti. Tangu hapo spika ikawa haina kazi tena, kwa sababu yeye ndiye aliyesimulia: yule wa mbele anaogopa kwa kuwa hajawahi, tazameni wa nyuma anavyomsukuma, sasa ataruka. Na kweli ng'ombe akaruka, maji ya dawa yakamwagika mpaka kwenye lenzi ya kamera, na watoto wakapiga kelele kuliko walivyowahi kupigia katuni yoyote. Wakaomba nirudishe nyuma. Mashine yangu hurudi nyuma ikiwa inaonyesha, basi ng'ombe wakatoka majini kinyumenyume, wakavu, mmoja mmoja. Tuliirudia mara tatu.

Baadaye, tukiosha vyombo, alinieleza kwamba magari ya sinema yalipokuja kijijini kwao akiwa msichana, daima palikuwa na mtu mwenye kipaza sauti akisimulia kwa lugha ya nyumbani juu ya picha. Kwake, filamu bila msimulizi ilikuwa bado haijakamilika. Tangu mwaka huo nachagua angalau rili moja ambayo mtu mzima fulani pale sebuleni anaweza kuisimulia: treni, chai, mashindano ya magari, harusi. Theluji na kulungu ni sawa, nina rili mbili za namna hiyo, lakini watoto wangu huwa wananiuliza kwa nini watu wale wamevaa blanketi barabarani.

Kwa hiyo ipitishe filamu yote mwanzo hadi mwisho, peke yako, wiki moja kabla. Ukipita, shika mkanda taratibu kati ya kitambaa laini kikavu ukiurudisha. Viungo vya zamani utavihisi kwa vidole. Kinachoachia, kiunge upya sasa: asetati hukubali gundi yake maalumu, lakini mkanda wa poliesta, plastiki nyingine iliyo ngumu zaidi, huungwa kwa utepe. Poliesta haikatiki kirahisi, ikinasa inaweza kuvunja mashine badala ya yenyewe, kwa hiyo kwenye poliesta vidole vyangu haviendi mbali na swichi. Hakikisha pia umepata kichwa cha mkanda kwa nje, si mkia. Na nunua balbu ya akiba kabla maduka hayajafungwa. Mashine yangu hutumia ya volti 24, wati 250. Usiiguse kioo kwa vidole, mafuta ya ngozi huipasua ikipata moto.

Usitoze kiingilio. Ukiwaita umma na kukusanya pesa, hayo ni mambo ya leseni na ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu, na mimi hapa nazungumzia sebule.

Yangu ya mwaka huu nimeshaipanga. Jua likizama saa kumi na mbili na nusu, saa moja ni giza tosha. Naanza na kichekesho bubu cha dakika 11, wakati wachelewaji wanatafuta pa kukaa. Kisha filamu ndefu nyeusi na nyeupe, rili mbili, chapati katikati. Ya mwisho ni Super 8 ya futi 50, dakika tatu na sekunde 20, aliyoniletea shemeji yangu kutoka nyumba ya marehemu baba yake. Haina sauti. Nimeitazama mara moja: kuna mwanamke kijana anapepeta mchele uani, anaona kamera, anageuza uso, anaendelea kupepeta. Mama mkwe bado hajui kwamba ninayo. Kuna kiungo kimoja karibu na mwisho kinachonitia wasiwasi, nitakishughulikia Jumamosi.