Mke anayepigwa hafungwi na talaka ya mume

Pwani yetu mke mwenye alama za kipigo bado huambiwa: "Subiri, talaka iko mkononi mwa mume." Neno hilo ni kweli nusu. Kutamka talaka ni kwa mume. Kutoka kwenye ndoa si kwake peke yake.

Ipo khului: mke huomba kuachwa, akarudisha mahari. Mke wa Thabit bin Qays alimwendea Mtume (s.a.w.) kwa ombi hilo, akarudisha shamba alilopewa, wakaachana. Kwa anayepigwa, hata hivyo, mlango wa karibu zaidi ni faskhi, ambapo kadhi mwenyewe huvunja ndoa. Wanazuoni wa Kimaliki, moja ya madhehebu ya Kisunni, wanayataja madhara waziwazi kuwa sababu. Kumtaka mke huyo anunue usalama wake kwa mahari ni dhuluma, ingawa wasuluhishi wengi huanzia hapohapo. Cheti cha daktari na mashahidi ndivyo vinavyobeba shauri.

Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inakataza mwenzi kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, mila iseme isemavyo. Kenya, sheria ya 2015 ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani inamruhusu mke kuomba amri ya ulinzi mahakamani hata akiwa bado ndani ya ndoa.